Mtoa Dawa Aliye Peke Yake



Wapendwa waamini, juma lililopita tuliingia katika duka moja la dawa muhimu, katika mji mmoja wa wachimbaji mkoani Geita. Nia yetu ilikuwa kumwonya kwa upole binti anayefanya kazi humo, kwa kuwa miezi miwili hakuonekana katika Jumuiya wala katika Misa ya Dominika. Tulitoka tukiwa tumeonywa sisi.

Mbele yetu walisimama watu saba. Kijana mmoja, nguo zake zimejaa vumbi la duara, aliomba dawa ya kikohozi. Binti akampa, akapokea fedha, akamgeukia mama mwenye mtoto mgongoni. Watu walipopungua, alituambia kwa sauti ya chini: "Padre, nilipaswa kumwuliza amekohoa kwa muda gani. Lakini nikianza kuuliza, walio nyuma wanahamia duka la pili, na usiku bosi anahesabu mauzo." Ilikuwa saa tisa alasiri, naye hajala.

Katika ukanda huu wa dhahabu, kutoka Kahama hadi Geita, swali hilo si dogo. Vumbi la mawe likikaa mapafuni humfungulia mlango kifua kikuu. Aliyekohoa wiki mbili au zaidi hahitaji chupa ya dawa tamu, bali kuelekezwa kituo cha afya apimwe makohozi. Na dawa za ugonjwa huo hutolewa bure. Kijana yule alilipa fedha, akarudi duarani na kikohozi chake, na jioni atalala chumba kimoja na wenzake.

Maduka ya dawa muhimu yalianza mkoani Ruvuma mwaka 2003, yakichukua nafasi ya yale ya dawa baridi. Yaliwekwa ili pale asipokuwapo mfamasia, awepo mtu aliyefundishwa kuuliza, kushauri na kumpeleka mgonjwa mbele inapobidi. Tukimnyima mtu huyo nafasi ya kuuliza, tumebaki na duka la kawaida lenye cheti ukutani.

Binti huyo hufungua saa moja asubuhi na kufunga saa tatu usiku, siku zote saba: saa 98 kwa juma. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataja saa 45 za kawaida, saa moja ya mapumziko katika siku ya kazi, na saa 24 za kupumzika kila juma. Basi tuliyetaka kumwonya hakuikimbia Dominika, alinyang'anywa.

Tunajua wenye maduka watasema kwamba faida ni ndogo, pango ni kubwa, na wenye mafunzo ni wachache. Ni kweli. Lakini je, haiwezekani kumwajiri mtu wa kupokea fedha na kuandika daftari, ili mwenye cheti abaki na mgonjwa? Je, wenye maduka wawili jirani hawawezi kumlipa kwa pamoja mtoa dawa wa tatu, awapokeze wenzake kwa zamu? Kidole kimoja hakivunji chawa.

Nasi wateja tusijitoe. Tukiri kwamba tulipokuwa katika foleni ile tulitazama saa yetu mara mbili. Anayemhimiza mtoa dawa afanye haraka humzuia kumwuliza jirani yake swali ambalo lingemwokoa.

Katika kitabu cha Kutoka, sura ya 18, Yethro alimwona Musa akiwahukumu watu peke yake tangu asubuhi hata jioni. Hakumsifu kwa bidii yake. Alimwambia kwamba atachoka yeye, na watu watachoka pamoja naye; kisha akamshauri atafute wasaidizi. Wenye maduka ya dawa mlio katika parokia yetu, tunawaomba mfanye hivyo kabla ya Dominika ijayo. Tungependa kumwona binti huyo kanisani.

Mwenyezi Mungu awabariki.