Nyumba Njema si Mlango

Nadhani kila mwanafunzi wa Kiswahili amewahi kuandikishwa insha juu ya methali hii: nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Mimi niliiandika nikiwa kidato cha pili, nikapata alama nzuri, nikaisahau. Ilinirudia likizo iliyopita nilipokuwa nyumbani Shela, kijiji cha pwani katika kisiwa cha Lamu. Mlango wa jirani wa bibi yangu ulikuwa umepakwa mafuta hadi uking'aa. Nakshi zake zilikuwa zimesafishwa moja moja, na kufuli kubwa lilikuwa limening'inia. Mlango ule haujawahi kupendeza namna hiyo tangu nipate akili. Ndani hamna mtu.

Nyumba iliuzwa. Aliyeinunua ni mgeni kutoka ng'ambo anayekuja kwa wiki chache kila mwaka, na sina ugomvi naye. Aliwaita mafundi wa hapa hapa, wakatumia chokaa na boriti za mikoko kama walivyofanya wazee. Ukimuuliza mtaalamu wa majengo ya kale, atakwambia kwamba nyumba ile imeokolewa. Ukimuuliza bibi yangu, atakwambia imekufa. Daka walilokalia watoto wakirudia masomo ya chuo cha Qur'ani halina mtu. Mama aliyekuwa akimpitishia bibi sahani ya futari amehamia Mokowe, upande wa bara, na anapanga chumba kimoja.

Hoja yangu katika makala haya ni moja. Lamu na vijiji vyake havitahifadhiwa kwa kulinda kuta. Vitahifadhiwa siku ardhi na nyumba zitakapowekwa chini ya amana ya jamii, yaani chombo cha wakaazi wenyewe, kinachoshika ardhi kwa niaba ya waliopo na watakaokuja, na ambacho hakiruhusiwi kuiuza. Nitasema pia kwamba sisi tunaosoma na kufundisha Kiswahili tuna deni katika jambo hili, na hatujaanza kulilipa.

Tuanze na ulinzi uliopo. Mwaka 2001 Mji wa Kale wa Lamu uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO, ukawa mahali pa kwanza pa kiutamaduni kutoka Kenya kupata heshima hiyo. Shela, iliyo mwendo wa kilomita tatu hivi kutoka mjini, haimo katika eneo lililotajwa. Mwaka 2006 Bunge la Kenya lilipitisha sheria ya makavazi na turathi inayozuia majengo ya kale kubomolewa ovyo. Katiba ya 2010, ibara ya 65, inasema asiye raia hawezi kumiliki ardhi isipokuwa kwa ukodishaji usiozidi miaka 99. Haya yote ni mema. Lakini tazama yanachouliza. Sheria ya turathi inauliza ukuta umejengwa kwa nini. Katiba inauliza muda. Hakuna inayouliza nani analala ndani. Na miaka 99 ni maisha ya mtu na ziada: mtoto anayezaliwa Shela leo huenda asiione nyumba hiyo ikirudi.

Ni kosa kudhani kwamba nyumba ya Lamu inaweza kutenganishwa na watu wake ikabaki kuwa nyumba ile ile. Tunafundishwa majina ya sehemu zake kama msamiati: daka la kupokelea wageni mlangoni, tekani, kiwanda cha ndani kilicho wazi kwa anga, msana wa tini, ndani, zidaka za ukutani. Mwalimu huyaandika ubaoni, nasi tunayanakili. Lakini hebu fikiria wikio, kile chumba au kivuko kinachopita juu ya njia na kuunganisha nyumba mbili. Wanawake walipita humo kwenda kwa jamaa zao bila kuteremka njiani. Wikio hauna maana kwa nyumba moja. Nyumba ya pili ikiuzwa kwa mtu asiye jamaa wala jirani, wikio unakuwa chumba kisichokwenda popote. Desturi ya Lamu ya baba kumpa binti yake nyumba au ghorofa anapoolewa nayo ni hivyo hivyo. Ndiyo iliyofanya kuta zile zipande juu, ukoo ulipokua. Anayehifadhi ghorofa na kumwacha binti ahame amehifadhi ganda la dafu.

Kuna watakaosema: mwenye mali ndiye mwenye kauli. Ikiwa mama yule alikuwa na mgonjwa hospitalini na karo ya watoto wawili, wewe mwanafunzi ni nani wa kumzuia asiuze? Hoja hii ni nzito na naiheshimu. Lakini inadhani kwamba alikuwa na uchaguzi. Nyumba nyingi za kale zimerithiwa na watu wengi kwa pamoja. Wengine wako Mombasa, wengine Ghuba, kila mmoja ana fungu lake, na njia rahisi ya kugawana ni kuuza. Mnunuzi wa ng'ambo ana fedha mkononi. Jirani anayetaka kununua hana, wala hana pa kukopa. Huo si uhuru wa kuuza. Ni mlango mmoja tu uliobaki wazi, na mtu anasukumwa kuupita.

Amana ya jamii ingefungua mlango wa pili. Familia zinazokubali zingeikabidhi amana ardhi, zenyewe zikabaki na nyumba: kukaa, kurithisha, kukarabati. Anayetaka kuuza angeiuzia amana kwanza, kwa bei iliyokadiriwa kwa kanuni inayojulikana na wote, na amana ingetafuta mkaazi wa kuingia. Mrithi mmoja akitaka fungu lake, angelipwa bila ndugu zake kulazimika kuhama. Fedha zitoke wapi? Zitoke kwa michango ya watu wa Lamu walioko Mombasa, Nairobi na Ghuba, na kwa nyumba chache ambazo amana yenyewe ingewapangisha wageni. Mimi si adui wa wageni. Nasema wapange, wasinunue, na kodi yao ibaki kijijini.

Jambo hili limefanyika kwingine. Kisiwa cha Eigg, huko Scotland, kilikuwa mali ya bwana mmoja baada ya mwingine, na wakaazi hawakuwa na usalama katika nyumba zao. Mwezi Juni 1997, wakaazi wasiofika 100 walikinunua kisiwa chao kwa takriban pauni milioni 1.5, nyingi zikiwa michango, na kukiweka chini ya amana wanayoiendesha pamoja na halmashauri ya eneo lao na shirika la wanyamapori. Tangu 2008 wanajizalishia umeme wa maji, upepo na jua. Idadi ya watu, iliyokuwa ikipungua, imepanda na kuvuka 100. Kisiwa kilichokuwa kikipoteza watu kiliwavuta tena pale ardhi ilipokuwa yao.

Lakini sina haja ya kwenda Scotland kuazima wazo. Pwani yetu imelijua kwa karne nyingi kwa jina la wakfu: mali iliyofungwa kwa ajili ya kheri, haiuzwi, haitolewi zawadi, hairithiwi, faida yake tu ndiyo hutumika. Misikiti yetu imesimama juu ya wakfu. Kenya na Zanzibar zote zina tume za kisheria za kusimamia wakfu. Na kuna shufaa, haki ya mshirika wa mali kununua fungu la mwenzake kabla ya mtu wa nje. Katika madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani, haki hii ni ya mshirika, si ya jirani tu. Basi amana ikinunua fungu moja katika nyumba ya urithi, imekuwa mshirika, na inaweza kudai nafasi ya kwanza mafungu mengine yanapouzwa. Tunayo silaha ghalani, tunalia kwamba hatuna.

Wengine watauliza kwa nini tusiiachie serikali. Nawakumbusha Zanzibar. Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa mwaka 1883, lilikuwa mali ya umma, ndani ya Mji Mkongwe ulioorodheshwa na UNESCO mwaka 2000. Desemba 2020 sehemu yake iliporomoka wakati wa ukarabati na watu wawili wakafa. Sisemi kwamba serikali haina kazi. Nasema kwamba mlinzi anayekaa mbali huuona ufa baada ya ukuta kuanguka.

Hoja inayonisumbua zaidi ni hii: wakfu huliwa. Kila mtu wa pwani anajua mali ya wakfu iliyogeuka mali ya msimamizi. Kweli kabisa. Ndiyo maana nasema amana ya jamii, si ya mzee mmoja na mwanawe. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 inatupa kielelezo, hata kama nyumba za Shela si ardhi ya jamii kisheria: kamati ya watu 7 hadi 15 wanaochaguliwa na mkutano wa wanajamii, na ardhi haiondoki bila idhini ya theluthi mbili ya watu wazima waliosajiliwa. Hesabu zisomwe hadharani kila mwaka. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Na jamii ni nani? Hapa lazima tuseme ukweli wetu wenyewe. Nyumba za mawe zilikuwa za waungwana, na mikono iliyobeba matumbawe na kuchoma chokaa mara nyingi ilikuwa ya watumwa. Amana itakayowahesabu wenye hati peke yao itakuwa klabu ya wajukuu wa matajiri. Lazima wawemo wapangaji, wenye nyumba za makuti, wavuvi, Wabajuni waliohamia kutoka visiwa vya kaskazini, na wanawake, ambao ndio wenye nyumba kwa desturi lakini huachwa nje ya mikutano. Lazima liwemo pia tuta la mchanga. Visima vilivyo kwenye matuta ya Shela ndivyo vinavyounywesha mji wa Lamu. Ukijenga juu yake, unaharibu kisima cha watu ambao hawakuuza chochote. Kwa hiyo amana inayolinda nyumba na kuiacha ardhi imefanya nusu ya kazi.

Msiniambie kwamba watu wa Lamu hawawezi kushikamana. Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamuru wavuvi wa Lamu walipwe shilingi bilioni 1.76 kwa hasara ya ujenzi wa bandari. Mwaka 2019 baraza la rufaa la mazingira lilifuta kibali cha kiwanda cha umeme wa makaa ya mawe, baada ya wakaazi kulalamika. Walishinda kwa sababu walikwenda pamoja. Katika soko la nyumba kila familia inakwenda peke yake, usiku, kwa aibu. Hapo ndipo tunaposhindwa.

Sasa nije kwetu, wanafunzi wenzangu na walimu wetu. Tunaisoma Al-Inkishafi, ambamo Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir aliyalilia majumba ya Pate yaliyobaki magofu. Tunahesabu mizani na vina, tunajadili taswira, tunafaulu mtihani. Pate iko katika visiwa hivi hivi. Wakati sisi tunachambua kilio cha zamani, mitaa inayozungumzwa Kiamu inapungua wasemaji, nyumba baada ya nyumba. Tunakwenda na vinasa sauti kuwahoji wazee, tunarudi na data, tunapata shahada. Wazee wanabaki na nini?

Mama yule wa jirani, kabla ya kuhama, alinionyesha hati ya mauzo. Ilikuwa kurasa nyingi za Kiingereza. Chini alikuwa ametia sahihi kwa herufi za Kiarabu, mwandiko mzuri wa mtu aliyesoma. Aliweka kidole kwenye kifungu kimoja akaniuliza, "Mwanangu, hapa pasema nini?" Nilisoma. Pasema kwamba kisima cha uani kimeuzwa pamoja na nyumba, na hakuna mwingine mwenye haki ya kukitumia. Kisima kile kilikuwa kikitumiwa na nyumba tatu, ya bibi yangu ikiwa mojawapo. Alinyamaza kwa muda, kisha akasema hakuwa na nia ya kuuza maji ya watu.

Katiba ya Kenya, ibara ya 7, inasema Kiswahili ni lugha ya taifa na lugha rasmi. Mama yule alizaliwa katika lugha hiyo, katika mji ambao sisi sote tunautaja kuwa mmoja wa mizizi yake, na akauza kisima kwa lugha asiyoijua. Hilo si kosa la UNESCO wala la mgeni. Idara za Kiswahili zimejaa watu wanaoweza kutafsiri hati ya ardhi. Tumechagua kutafsiri vitu vingine.

Ninachoomba si hotuba. Naomba madarasa ya tafsiri yachukue mikataba ya kuuza na kukodisha nyumba iwe kazi ya muhula, vielelezo vyake vikae msikitini na kwenye ofisi ya kijiji vikiwa kwa Kiswahili kinachosomeka, na kwa herufi za Kiarabu kwa wazee wetu. Naomba kila anayekwenda Lamu kukusanya data aache nakala kwa waliompa. Na naomba watu watatu au wanne wakae nami tuandike rasimu ya katiba ya amana ya Shela, kifungu kwa kifungu, kwa lugha ambayo bibi yangu anaweza kuibishia.

Kifungu cha kwanza nimeshakiandika. Kinahusu visima.