Somo Wako Shingoni

Wapendwa, kama mmepita kwa masonara siku hizi mtakuwa mmeiona: medali ndogo ya mtakatifu, ya fedha au dhahabu, nyuma imechongwa jina la mpenzi na tarehe ya ndoa. Siyo ile nyepesi ya Komunyo ya Kwanza. Hii inavaliwa na suti, inavaliwa na gauni la sendofu.

Inapendeza, hilo halina ubishi. Ila kabla hujatoa pesa jiulize: huyo mtakatifu unamjua?

Hapo ndipo wengi wanapochemsha. Kaka anaona sura nzuri ya mtawa, ananunua. Kumbe ni Mtakatifu Rita wa Cascia, mama aliyeolewa na mume mkali, akavumilia hadi mume akauawa, ndipo akaingia utawa. Wanaomkimbilia ni wenye ndoa ngumu. Sasa kaka, ndoa haijaanza, unamwambia nini mwenzio? Kwa dada aliyepita kwenye moto akabaki amesimama, Rita ni zawadi ya kumtoa machozi. Kwa bibi harusi wa wiki ijayo, hebu subiri.

Anza na somo wake wa ubatizo. Anaitwa Monika? Basi ni yule mama aliyemlilia Mungu miaka mingi kwa ajili ya mwanawe Augustino. Sikukuu yake ni Agosti 27, kwa hiyo umepata na siku ya kumpelekea maua kila mwaka. Aliyeanza maisha upya atampenda Yosefina Bakhita wa Sudan, aliyetekwa akiwa mtoto akauzwa utumwani, na akatangazwa mtakatifu mwaka 2000. Mnataka za kufanana? Wapo Louis na Zélie Martin wa Ufaransa, waliooana 1858 na kutangazwa watakatifu pamoja mwaka 2015. Mume fundi saa, mke na biashara yake ya lesi, watoto nyumbani. Hekaheka zenu wanazijua.

Tukija kwenye kuchonga, angalieni nyuma kwanza. Medali ya Muujiza, iliyoanza kutengenezwa Paris mwaka 1832, nyuma ina herufi M, msalaba, mioyo miwili na nyota 12. Ya Mtakatifu Benedikto imejaa herufi za sala. Hizo msizikwangue; sonara achonge majina kwenye kibati kidogo cha kuning'inia kando. Ulizeni pia muhuri: 925 kwa fedha, 750 kwa dhahabu ya karati 18. Ya kuchovya ikichongwa, rangi inatoka na chuma cha ndani kinaonekana.

Kisha mpelekeeni padri aibariki. Lakini tuelewane: medali siyo hirizi. Haimrudishi mume nyumbani mapema, wala Mtakatifu Kristofa shingoni si ruhusa ya kuendesha gari umelewa. Inakukumbusha kusali, basi; kazi ya uaminifu inabaki kwenu wawili. Na kama mwenzio ni Mlutheri au Mwislamu, muulize kwanza. Zawadi ya imani isiyo yake anaweza kuiona kama shinikizo, hasa mbele ya wakwe.

Siku ya kumvisha, msimulie huyo mtakatifu ni nani na kwa nini umemchagulia yeye. Dakika 5 zinatosha. Kama huna la kusimulia, mnunulie hereni tu, naye atafurahi.