Medali kumi si kipimo cha Shefflin

Ukimtaja Henry Shefflin mbele ya mpenzi wa hurling, ule mchezo wa magongo wa Ireland, hutamaliza sentensi kabla hujaambiwa habari za medali kumi. Kati ya 2000 na 2014 alitwaa ubingwa wa Ireland mara kumi akiwa na kaunti ya Kilkenny, na hakuna mchezaji mwingine aliyefikia idadi hiyo. Ndiyo maana wengi humweka juu hata ya Christy Ring wa Cork, gwiji aliyeishia medali nane. Kwamba Shefflin ni mmoja wa wakubwa kabisa wa mchezo huu, sina ubishi. Ninachokataa ni hiyo hesabu inayotumika kumpimia.

Hurling haina dirisha la usajili. Wachezaji hawalipwi mshahara, na nyota huyu mwenyewe alikuwa akiendelea na kazi ya benki. Kwa kawaida mtu huchezea klabu ya kwao, na akionekana anafaa huitwa na kaunti yake. Shefflin alikulia Ballyhale, kijiji cha Kilkenny ambako gongo ni sehemu ya malezi, na tangu aanze kuitwa kaunti mwaka 1999 hadi alipostaafu 2015 alifundishwa na kocha mmoja tu, Brian Cody. Sasa mtazame Tony Browne wa Waterford. Alidumu na kaunti yake zaidi ya miaka 20, mwaka 1998 akachaguliwa mchezaji bora wa Ireland, na ameondoka bila medali hata moja ya ubingwa wa Ireland wa ngazi ya wakubwa. Kaunti yake haijatwaa ubingwa tangu 1959. Kwenye fainali ya 2008 Waterford ilikung'utwa na Kilkenny kwa tofauti ya pointi 23. Katika kandanda tungemlaumu Browne kwa kutohamia timu kubwa. Huku, kuhama namna hiyo si jambo la kawaida, kwa hiyo tukihesabu medali tunahesabu pia mahali mtu alipozaliwa.

Watetezi wa hesabu wana jibu, tena si jepesi: Shefflin hakubebwa na Kilkenny, yeye ndiye aliyeibeba. Wanakumbusha fainali ya 2010, Kilkenny ikiwinda taji la tano mfululizo. Shefflin, aliyeumia kano ya goti kwenye nusu fainali, alilazimisha kuanza, akatolewa hata robo saa haijatimia, na Tipperary ikashinda. Ni kweli, lakini mwaka 2007, akiwa nahodha, aliumia vilevile kwenye fainali na hakurudi kipindi cha pili, na Kilkenny ikaifunga Limerick bila yeye. Medali ya kumi, ile inayopigiwa tarumbeta kuliko zote, aliipata akiwa mchezaji wa akiba. Kwenye orodha ina uzito sawa na ile ya 2012, na hapo ndipo hesabu inapoanika udhaifu wake.

Maana 2012 ndiyo Shefflin mwenyewe. Akiwa na miaka 33, kwenye fainali dhidi ya Galway, alifunga pointi 12 kati ya 19 za timu yake. Dakika chache kabla ya mwisho, timu zikiwa sare, Kilkenny ikapata penalti. Mpira ukipita chini ya mtambaa wa panya ni goli lenye thamani ya pointi tatu. Ukipita juu yake katikati ya milingoti ni pointi moja. Akachagua moja ya uhakika. Wapo waliomwona mwoga, hasa baada ya Joe Canning kuisawazishia Galway kwa mpira wa adhabu. Mimi naona uamuzi wa mtu anayejua ukuta wa mabeki uliokuwa mbele yake na muda uliobaki. Mechi ikarudiwa, Kilkenny ikashinda, naye akatajwa mchezaji bora wa mwaka kwa mara ya tatu.

Atasema mtu: kombe ndilo linalochezewa, usiposhinda umecheza nini? Kwa timu, sawa kabisa, na Kilkenny ina haki ya kujivunia kabati lake. Kwa mchezaji mmojammoja, ningependa kuona alifanya nini mpira ulipokuwa mkononi mwake, na kwa kipimo hicho Ring, Browne na Canning wana haki ya kushindanishwa na Shefflin bila kuulizwa kwanza wamezaliwa kaunti gani.