NYUMBA YETU: Rangi Iliyohamia Nguo Isiyo Yake



Sisi tunaokaa Kajaga hatujasahau mwaka 2024, Ziwa Tanganyika lilipopanda likaingia mitaani kana kwamba lina hati ya viwanja vyetu. Lilikuwa limekwisha kututembelea vivyo hivyo mwaka 2021. Maji yalipopungua watu walianika magodoro, wakakwangua matope ukutani, wakasahau masanduku ya nguo. Nataka leo tuzungumze juu ya masanduku hayo, maana mvua haziko mbali.

Jirani yangu mmoja, ambaye mumewe alikuwa bado Somalia pamoja na kikosi chetu, alifungua sanduku lake la bati siku ya tatu. Kitenge chekundu ambacho hakijafuliwa hata mara moja kilikuwa kimelala juu ya shati jeupe la pamba, nalo ndilo shati la arusi la mumewe. Wekundu ulikuwa umehamia kifuani na mikononi, na bawaba za sanduku zilikuwa zimeacha kutu kwenye kola. Bwana alitazamiwa kurudi likizo baada ya majuma mawili. Mama yule akamimina nusu chupa ya javeli katika beseni, chumbani, mlango umefungwa kwa ajili ya mbu. Wekundu ukapungua kidogo, lakini kutu ikazidi kukolea. Ndipo alipokumbuka kwamba bibi yake alikuwa akitoa kutu kwa ndimu, akakamua ndimu nne mle mle.

Nilipoitwa nilimkuta uani, macho yakimtiririka machozi, na mwanawe wa miaka minne akikohoa hata akashindwa kulia. "Mwalimu," akaniuliza, "nimekosea wapi? Ndimu si chakula?"

Ndimu ni chakula, na bibi yake hakusema uongo, kwa kuwa ndimu hutoa kutu. Lakini javeli ikikutana na kitu chochote kichachu, iwe ndimu, siki au ile dawa kali ya kusafishia choo, hutoa gesi ya klorini. Askari wanaosoma ukurasa huu watakuwa wamefundishwa habari zake: ndiyo gesi ambayo jeshi la Ujerumani liliifungulia ipeperushwe na upepo huko Ypres, Ubelgiji, mwezi Aprili 1915. Javeli ikichanganyika na amonia, na hata na mkojo uliokaa katika nepi za mtoto, hutoa gesi nyingine isiyo na huruma. Likitokea jambo kama hilo, usirudi kuokoa nguo. Toka nje na watoto, acha milango wazi, osha macho kwa maji mengi safi kwa muda wa robo saa, na anayekohoa apelekwe kwa mganga bila kungoja asubuhi. Mtoto yule alipelekwa zahanati akapona. Hali kadhalika, javeli isiwekwe kamwe katika chupa ya soda.

Sasa turudi kwenye shati. Rangi iliyohamia nguo nyingine huwa bado haijashika sawasawa maadamu nguo ni mbichi. Kwa hiyo usiianike, na pasi usiiguse kabisa. Ioshe kwa maji mengi baridi, kisha iloweke katika maji ya uvuguvugu yenye sabuni, ukibadilisha maji kila yanapogeuka rangi, hata ikibidi usiku kucha. Kazi hii huchosha mikono, lakini mara nyingi hutoa zaidi ya nusu ya doa bila dawa yoyote. Wanaofua kwa maji ya ziwa wanajua kwamba sabuni haitoi povu upesi, kwa sababu maji yetu yana magnesi nyingi. Maji ya mvua yaliyokingwa ni bora kwa kazi hii.

Baada ya hapo kwanza yatupasa kujua nguo yenyewe ni ya nini. Chomoa uzi mmoja kwenye pindo, uuwashe kwa kiberiti mbali na nguo. Pamba huungua kama karatasi, ikaacha jivu laini. Poliesta huyeyuka ikawa tone gumu jeusi. Sufu na hariri hunuka kama nywele zilizoungua, na nguo za namna hiyo javeli huzila. Imvutano ya hariri ukiitia humo utaitoa vipande vipande. Nailoni nayo hugeuka manjano. Javeli ni ya pamba nyeupe na kitani cheupe, tena kijiko kimoja kikubwa katika lita moja ya maji baridi, dakika tano hadi kumi, dirisha likiwa wazi, kisha kusuuza mara tatu. Nusu chupa ni ya sakafu. Ikiwa pana kutu, tumia ndimu na chumvi kwanza, nguo isuuzwe hata uchachu uishe kabisa, na javeli ifuate siku nyingine.

Mafundi wa batiki wanayo dawa nyingine ya kuondoa rangi, haidrosulfaiti, ile ile wanayoitumia pamoja na kostiki soda kuyeyushia rangi zao. Huondoa rangi nyingi ambazo javeli haziwezi. Lakini hutumiwa nje, kwa glavu, na kopo lake likiingia unyevu laweza kupata moto lenyewe. Sioni sababu ya kuiweka katika nyumba yenye watoto. Mpelekee fundi nguo.

Wengi wameniuliza juu ya chumvi. Wanaloweka kitenge kipya katika maji ya chumvi ili kisichuje. Ukweli ni kwamba chumvi huzuia rangi isitoke kwa muda ule wa kuloweka, wala haiifungi daima. Dawa ya kitenge kipya ni kukifua peke yake mara tatu au nne, na kutokiweka sandukuni kabla ya hapo.

Shati la jirani yangu lilitoka na uwaridi hafifu ambao haukukubali kuondoka, nasi tukaamua kulitia rangi upya. Anayetia rangi nyumbani na akumbuke kwamba rangi nyepesi haifuniki rangi nzito, kwamba sufuria ya rangi hairudi tena jikoni, na kwamba nguo ipate nafasi ya kuelea: lita ishirini za maji kwa kilo moja ya nguo kavu. Nguo iingie ikiwa imeloa, igeuzwe bila kukoma, moto uwe wa kuchemka polepole kwa karibu saa moja. Hapo ndipo chumvi ina kazi yake ya kweli, kwa kuwa huisukuma rangi iingie katika pamba. Poliesta haikubali rangi hizi. Viwandani huipika kwa joto la digrii 130 hivi ndani ya mitambo iliyofungwa. Sare za kazi msizitie rangi wala javeli. Aghalabu rangi zake ni za jamii moja na nili, zimefungiwa ndani ya uzi kiwandani. Zinataka sabuni na kivuli tu, na javeli itaumaliza uzi.

Tulichagua buluu iliyoiva. Shati lilishika vizuri sana, ila mishono yote ilibaki meupe pe, kwa kuwa uzi wa kushonea ulikuwa wa poliesta, jambo ambalo mimi mwalimu sikulikumbuka kabla ya kuwasha moto. Bwana alirudi siku ya Jumamosi, akalivaa kanisani kesho yake. Akamwuliza mkewe ni fundi gani wa mjini aliyemshonea nakshi hizo nyeupe, na mpaka leo sijui alijibiwa nini.