Barabara Zetu Zinajengwa kwa Ajili ya Nani?



Tumezoea kujadili katiba, uchaguzi, uraia pacha na ufisadi. Leo naomba mnivumilie niongelee jambo ambalo wengi mtaliona dogo: njia ya kutoka mlangoni hadi dukani. Nikimaliza, mniambie kama kweli ni dogo.

Majira ya joto yaliyopita nilimleta mama yangu Stockholm kututembelea. Ana umri wa miaka sabini na ushei, goti moja ni bovu, anatembea kwa mkongojo. Tunaishi Husby, kaskazini-magharibi mwa jiji, mtaa wa maghorofa wanakoishi wahamiaji wengi. Siku ya nne asubuhi niliamka sikumkuta. Nilitoka nikihaha, simu mkononi, nikidhani amepotea. Nilimkuta karibu na maduka, amekaa kwenye benchi chini ya mti, anaongea Kiswahili na mama mmoja wa Kisomali aliyewahi kuishi Mombasa. Pembeni ana mfuko wenye mkate na ndizi. Nilipoanza kumlaumu kwa kutoka bila kuaga, alinijibu kwa utulivu: "Mwanangu, kwani nimevuka barabara gani?"

Ni kweli. Hakuvuka barabara yoyote ya magari. Husby ilijengwa miaka ya 1970 kwa mpango wa kutenganisha magari na watu. Njia za miguu zina madaraja yanayopita juu ya barabara, na mtu anaweza kutoka kwake hadi madukani bila kukutana na gari linalokwenda kasi. Mama alipumzika mara mbili kwenye mabenchi, akafika.

Dar es Salaam, mama huyu huyu hajaenda sokoni peke yake kwa zaidi ya miaka minne. Soko halijahama, ni mwendo wa dakika kumi. Kilichobadilika ni barabara ya mtaani kwetu. Zamani ilikuwa ya vumbi na magari yalipita polepole kwa sababu ya mashimo. Ikaja lami, tukashangilia, na mimi mwenyewe nilituma picha kwa marafiki. Lakini lami ilikuja bila njia ya waenda kwa miguu, bila kivuko, na mtaro ukaachwa wazi pembeni. Bodaboda zinapita kama risasi. Mama alinusurika kugongwa mara moja, na tangu siku hiyo maisha yake ni sebuleni na uani. Maendeleo yalipofika mtaani, mama yangu alifungiwa ndani.

Hapa ndipo penye kiini cha hoja yangu. Barabara ni siasa. Anayeamua upana wa lami, mahali pa kivuko na kasi ya gari ndiye anayeamua nani atatoka nyumbani na nani atabaki. Mtoto anayekwenda shule, mzee, mjamzito, mlemavu mwenye baiskeli ya magurudumu matatu, mama lishe mwenye ndoo kichwani: hawa ndio wengi mjini. Mwenye gari ni mmoja kati ya wengi. Lakini ukitazama jinsi barabara zetu zinavyochorwa utadhani nchi nzima inaendesha gari.

Najua jibu linalokuja: "Hao Waswidi ni matajiri, na ni wastaarabu tangu zamani." Tusidanganyane. Stockholm haikuzaliwa hivi. Katika miaka ya 1950 na 1960 wakubwa wa jiji hili walibomoa mamia ya majengo katikati ya mji, katika eneo la Klara, ili kupata nafasi ya ofisi, maduka makubwa na barabara pana. Wazee wa hapa mpaka leo wakiongelea Klara wanasikitika. Gari lilikuwa mfalme kwao pia.

Kilichobadilisha mambo ni wananchi kukataa. Mwezi Mei mwaka 1971 jiji lilitaka kukata miti ya mielmu katika bustani ya Kungsträdgården ili kujenga mlango wa kituo cha treni ya chini ya ardhi. Watu walikwenda usiku, wakaizunguka miti, wengine wakapanda juu yake, wakapambana na polisi na misumeno. Jiji lilisalimu amri, na mlango wa kituo ukajengwa mahali pengine. Afrika Mashariki nasi tuna kisa chetu kinachofanana na hicho. Mwaka 1989 Wangari Maathai alisimama kupinga jengo la ghorofa 60 lililokusudiwa kujengwa ndani ya Uhuru Park jijini Nairobi. Alitukanwa na wakubwa, akakejeliwa bungeni, lakini jengo halikujengwa. Kwa hiyo asitokee mtu kutuambia kwamba kudai bustani na njia za miguu ni mambo ya kizungu.

Kisa cha pili ni cha tozo ya magari. Kuanzia tarehe 3 Januari hadi 31 Julai mwaka 2006 Stockholm ilifanya jaribio la kutoza magari yanayoingia au kutoka katikati ya mji. Kabla ya jaribio wakazi wengi walipinga, na magazeti yalitabiri balaa. Magari yanayovuka mpaka wa tozo yakapungua kwa takriban asilimia 20. Watu waliona kwa macho yao kwamba mji unapumua. Mwezi Septemba mwaka huo huo wakapiga kura ya maoni, na jijini upande wa ndiyo ukashinda kwa tofauti ndogo. Tozo ikawa ya kudumu Agosti 2007. Angalieni utaratibu: jaribu kwanza, wananchi waone, kisha waulizwe. Kwetu mradi tunausikia siku greda linapofika mlangoni.

Tatu ni suala la vifo. Mwaka 1997 Bunge la Sweden lilipitisha sera wanayoiita Dira ya Sifuri. Msingi wake ni mwepisi kuelewa: binadamu atakosea siku zote, kwa hiyo barabara ijengwe ili kosa lake lisimuue. Badala ya kumlaumu marehemu kwamba alivuka vibaya, wanamuuliza mhandisi kwa nini alijenga mahali ambapo kuvuka vibaya ni kufa. Mwaka ule watu zaidi ya 500 walikufa barabarani Sweden. Kufikia mwaka 2020 idadi ilikuwa imeshuka hadi karibu 200. Sisi kila ajali ikitokea tunasikia "uzembe wa dereva" au "marehemu alikuwa anakatiza barabara", na faili linafungwa.

Februari 2020 mawaziri na wajumbe wa nchi za dunia walikutana hapa hapa Stockholm kuhusu usalama barabarani. Azimio lao lilipendekeza kwamba mahali ambapo magari na watu wanachanganyika mara kwa mara, kasi isizidi kilomita 30 kwa saa, isipokuwa pale palipo na ushahidi kwamba kasi kubwa zaidi ni salama. Kwa kasi ya 30 anayegongwa ana nafasi kubwa ya kupona. Vibao vyetu vya mijini vinasema 50, na tunajua wanaoviheshimu ni wale walioona tochi ya trafiki mbele.

Nisiwe mtu wa kusifia kila cha Mzungu. Husby hii iliyomfurahisha mama ina upande wake mwingine. Waliotenganisha magari na watu walisahau kwamba njia inahitaji macho ya watu ili iwe salama. Zile njia nzuri za mchana, usiku hubaki tupu na giza, na wanawake wengi wanaogopa kuzipita. Tena mtaa wenyewe umetengwa na mji mwingine kwa barabara kuu na nyasi. Mwenye fedha anaishi kwake na mhamiaji kwake. Mei 2013 Husby ililipuka, magari yakachomwa usiku kwa usiku, baada ya polisi kumpiga risasi na kumuua mzee mmoja nyumbani kwake. Benchi na mti havitibu ubaguzi wala ukosefu wa kazi. Wapangaji wa kwetu wajifunze na hilo pia: ukimpangia mtu makazi bila kumuuliza, hata ukimjengea vizuri utakosea mahali.

Na nyumbani siyo kwamba hatuna la kujivunia. Mwendokasi ulipoanza Dar es Salaam mwaka 2016, ulikuja na vituo ambavyo mwenye kiti cha magurudumu anaweza kuingia, na njia za miguu kando ya Barabara ya Morogoro. Jiji likapewa Tuzo ya Usafiri Endelevu ya mwaka 2018. Najua, mabasi yalikuwa machache, foleni zikawa ndefu na Jangwani pakafurika. Lakini mchoro ulimkumbuka mtembea kwa miguu, na hiyo ni hatua. Vilevile shirika la Amend lilizunguka shule za msingi, kuanzia Dar, likaweka matuta, vivuko na njia za miguu pale watoto wanapogongwa. Kazi hiyo ilishinda tuzo ya kimataifa ya miji mwaka 2019. Vitu vyenyewe ni tuta, rangi, nguzo fupi na zege kidogo. Kwa gharama ya daraja moja la juu mngefunika shule ngapi? Hoja ya umaskini inafia hapo.

Halafu kuna ndugu zetu wamachinga. Oktoba 2021 waliondolewa kwenye njia za miguu za Dar es Salaam na miji mingine. Nakubali kwamba mlemavu na mzee nao wana haki ya kupita. Lakini huku katikati ya Stockholm kuna uwanja wa Hötorget, ambako wauzaji wa matunda na maua, wengi wao wahamiaji kama sisi, wamepangiwa meza zao pale pale penye watu, hatua chache kutoka mlango wa treni. Mteja yuko miguuni, mfanyabiashara humfuata mteja. Kumpeleka machinga mahali pasipopita mtu ni kumwambia afunge biashara kwa lugha ya upole. Njia ipimwe ili watu wapite na biashara ipate ukingo wake. Ugomvi wa machinga na mpita njia umeletwa na uchache wa nafasi waliyoachiwa wote wawili, na kubwa imechukuliwa na magari.

Sasa tujigeukie wenyewe, sisi wa ughaibuni. Tunatuma fedha za kujenga. Tukijenga, ukuta tunausogeza mpaka ukingoni mwa barabara, geti linafunguka kwa nje, na mteremko wa gari letu unaziba mtaro. Huku tunapanda basi na treni bila kuona haya, tukishuka Uwanja wa Nyerere la kwanza ni kutafuta gari kubwa lenye vioo vyeusi. Watoto wetu huku wanakwenda shule kwa miguu, halafu tunarudi kuwapigia honi watoto wa wenzetu. Tusipoyaona haya tutabaki wahubiri tu.

Mapendekezo yangu ni matatu, na ninaomba myachambue bila huruma.

Kwanza, kabla ya barabara yoyote ya mtaa kuwekwa lami, mchoro wake ubandikwe ofisi ya serikali ya mtaa kwa lugha ya Kiswahili, uonyeshe njia ya miguu iko wapi, kivuko kiko wapi na mtaro utafunikwa na nini. TARURA, iliyoanzishwa mwaka 2017, ndiyo inayoshughulikia barabara hizi. Wananchi wawe na mahali pa kuuliza kabla ya greda kufika.

Pili, mitaa ya makazi, mbele ya shule, hospitali na masoko iwekewe kasi ya 30, na kasi hiyo ijengwe kwa tuta na kivuko kilichoinuliwa, isitegemee askari mwenye tochi.

Tatu, kila mgombea udiwani anayekuja kuomba kura aulizwe swali moja: je, mzee wa mtaa huu anaweza kwenda sokoni na kurudi peke yake? Kama hawezi, utafanya nini?

Mama alirudi nyumbani mwezi Agosti. Wiki iliyopita nilimpigia kumuuliza anaendeleaje. Alisema goti limekakamaa tena kwa kukaa. Nimezungumza na majirani wanne pale mtaani, tumekubaliana kuchangia mifuniko ya mtaro kutoka kwetu hadi kona ya msikiti, na mjumbe ameahidi kulipeleka suala la tuta kwenye kikao. Ni mita zisizofika mia mbili. Nitawaletea taarifa hapa hapa tulipofikia, na wenye uzoefu wa kuchangishana mitaani kwao naomba watupe mwanga.

Naomba kuwasilisha.