Mashine ya mgongo si ya kupigia picha
Mgema akianguka kwenye mnazi, au boda ikipinduka njia ya Msambweni, mgongo waweza kuvunjika. Na hospitali ya kitaifa ya uti wa mgongo iko Nairobi!

Kufunga skrubu mgongoni ni kazi ya milimita. Daktari akikosea, mtu huenda asitembee tena. Kuna mtambo unaomwonyesha njia kwenye skrini, kama ramani ya simu. Lakini ile alama iliyofungwa mfupani ikisukumwa kidogo tu, skrini inadanganya.

Kwa hivyo siku Kwale tukiletewa huo mtambo, tusikimbilie picha. Tuulize: nani amefundishwa kuutumia? Kuuandaa kunachukua muda gani? Mashine sahihi iliyofungiwa stoo haimsaidii mgema. Ama nyinyi mwaonaje?