Ufa ni wa ukutani, chanzo chake ni bustanini

Wahenga walinena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Hawakukosea hata chembe, ila jamaa nyingi za mjini huusikia usemi huo nusunusu. Ufa ukichomoza juu ya dirisha la chumba cha watoto, fundi huitwa mbio, plasta ikachanganywa, rangi ikapakwa, na watu wakalala usingizi wa pono. Mvua za masika zikirejea, ufa ni ule ule, na safari hii umekuja na mwenzake. Hapo fundi hulaumiwa, jirani hushukiwa, na ule mkopo wa chama cha akiba unaolipwa kila mwezi hugeuka kuwa kidonda. Hakuna anayetoka nje kuyatazama maua.

Leo, msomaji mpendwa, nakuomba tutoke nje.

Ikiwa makao yako ni Embakasi, South C, Syokimau, Mlolongo au Kitengela, huenda nyumba yako imezungukwa na udongo mweusi wa mfinyanzi, ule unaong'ang'ania viatu hadi mtu akatembea kama aliyevaa matofali. Udongo huo una tabia ya ajabu. Ukinywa maji hufura, na ukikauka hunywea na kupasuka nyufa ambazo mkono wa mtoto unaweza kupenya. Mwanafunzi anayetaka kuyaona haya kwa macho yake na achukue udongo huo uliokauka, ausage, autie kwenye gilasi hadi nusu na aweke alama. Kisha atie maji na kungoja hadi kesho. Ataukuta udongo umepanda juu ya alama.

Kile kinachotendeka ndani ya gilasi ndicho kinachotendeka kando ya msingi wako. Mhandisi mwema huagiza udongo mweusi uchimbwe na kuondolewa hadi kwenye mwamba au ardhi ngumu kabla ya msingi kuwekwa. Lakini si kila mjenzi aliyefanya hivyo, na aliyenunua nyumba iliyokwisha jengwa hana njia rahisi ya kujua.

Sasa sikiliza jambo ambalo wengi hawalifahamu. Nyumba haivunjwi na maji peke yake, wala na kiangazi peke yake. Huvunjwa na tofauti. Udongo ukifura sawasawa pande zote, nyumba huinuka nao taratibu na kushuka nao. Lakini pembe moja ikiwa imelowa na nyingine imekauka, upande mmja huinuka na mwingine hubaki chini. Ukuta wa mawe haujui kupinda, kwa hivyo hupasuka. Na ni nani aletaye tofauti hiyo? Mara nyingi ni sisi wenyewe, kwa jembe, mpira wa maji na miche ya kununua kando ya barabara.

Tuanze na maua. Wengi wetu hupenda kitalu cha maua kilichobanana na ukuta, chini ya dirisha la sebuleni, kikamwagiliwa kila jioni. Upande wa nyuma, penye kamba ya nguo, hapapati hata tone. Hiyo ndiyo tofauti tuliyoitaja. Isitoshe, udongo wa kitalu hurundikwa mwaka baada ya mwaka hadi ukakaribia sakafu, na unyevu na mchwa wakapata daraja la kuingilia ndani. Uso wa ardhi na uwe angalau sentimita 15 chini ya sakafu. Maua yahamishe mita moja na nusu kutoka ukutani, na ukiyataka dirishani, yapande kwenye vyungu.

Miti nayo ina kisa chake. Watu hudhani mizizi huisukuma nyumba kama mtaimbo. Hilo hutokea kwa vijia na kuta nyepesi za ua, lakini kwa nyumba iliyo kwenye udongo mweusi madhara makubwa ni kiu ya mti. Mizizi hunyonya maji chini ya pembe moja, udongo ukanywea, na pembe hiyo ikazama. Uingereza ilijifunza hayo kwa uchungu katika kiangazi kikali cha mwaka 1976, nyumba nyingi zilizokuwa kwenye mfinyanzi karibu na miti zilipopasuka.

Kanuni rahisi ni hii: mti mkubwa ukae mbali na nyumba kwa umbali usiopungua urefu utakaofikia ukikomaa. Mkaratusi unaweza kupita mita 30. Ploti ya futi 50 kwa 100 ina urefu wa takriban mita 30 na upana wa mita 15. Piga hesabu mwenyewe, utaona kwamba ploti yako haina mahali pa mkaratusi. Mlimau, mkomamanga au mpera uliopogolewa utakupa matunda na kivuli bila vita.

Lakini usikimbilie shoka! Mti mkubwa uliokuwapo kabla ya nyumba ukikatwa ghafla, maji uliokuwa ukiyanywa hubaki ardhini, udongo ukafura na kuiinua nyumba polepole kwa miaka. Muulize mhandisi kwanza.

Tatu ni maji ya paa. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mita 100 za mraba likipata mvua ya milimita 50 humwaga lita 5,000, yaani mitungi 250 ya lita 20. Bila mifereji ya paa, au bomba likiishia kwenye pembe ya nyumba, shehena hiyo yote hushuka msingini. Yapeleke kwenye tangi, na yanayofurika yapate mtaro. Ardhi nayo iteremke kutoka ukutani: sentimita tano kwa kila mita, kwa mita tatu za kwanza. Kijia cha saruji chenye upana wa mita moja kuizunguka nyumba yote husaidia kuuweka unyevu katika hali moja. Nasema yote, kwa sababu kijia cha upande mmja hurejesha ile ile tofauti.

Hata hivyo, usiifunike ploti nzima kwa saruji. Maji yasiyopata pa kuzama huenda kwa jirani, na ukuta wa ua usio na matundu huyageuza kuwa bwawa. Mafuriko ya Nairobi ya mwaka 2024 yalionyesha jinsi maji yaliyokosa njia hujitafutia yenyewe.

Je, ufa wako ni wa kuhofia? Ule mwembamba kama unywele mara nyingi ni wa plasta tu. Unaopanda kimshazari kutoka pembe ya dirisha au mlango, ukiandamana na mlango unaokwama msimu mmoja na kufunguka msimu mwingine, ndio wa kutiliwa shaka. Chora mistari miwili ya kalamu ya risasi kuvuka ufa, andika tarehe, na upime kila mwezi. Ukiendelea kupanuka, au ukipita milimita tano, mwite mhandisi aliyesajiliwa kabla ya kumwita mpaka rangi.

Ufa na uzibwe, naam, lakini kwanza zunguka nyumba yako mvua inaponyesha, na watoto nyuma yako, mtazame maji yanakokwenda. Safari hiyo haigharimu chochote ila mwavuli, nayo yaweza kukuokolea ukuta mzima.

Hadi Jumapili ijayo, kwaherini.